Mwanangu, fungua boksi kwanza

Mwanangu Salma,

Sote nyumbani wazima. Umeuliza kama kadi ya grafiki ya bei ya chini inamfaa mtu anayecheza gemu Jumamosi jioni tu. Inafaa, ila kwa mashine yako ya ofisi, ile ya umbo jembamba, uwanja wa kuchagua ni mdogo.

Fungua boksi la mashine, anza na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Ukikuta kipande kimoja cha GB 8, ongeza cha pili kinachofanana nacho. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, hukopa RAM, na vipande viwili huipitishia data kwa njia mbili. Kwa gemu nyepesi kama Valorant huenda ukaridhika hapohapo, hela ikabaki mfukoni.

Usiporidhika, angalia lebo ya pawa saplai, kile kifaa kinacholisha mashine umeme. Mashine hizo nyingi zina wati 180 hadi 260 na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi itategemea umeme wa tundu la PCIe peke yake, lile la ubao mkuu inakochomekwa: wati 75, na wapo watengenezaji walioweka kikomo cha chini zaidi, basi soma kitabu cha mashine. Muuzaji atakusifia kadi ya RX 580. Hiyo inakula wati 185, inadai waya wa pini 8, na haiingii kwenye boksi lako hata uisukume.

Mimi ningechukua GTX 1650 ya nusu kimo, yaani kadi fupi ya boksi jembamba, yenye kumbukumbu ya GB 4, isiyo na tundu la pini 6 la waya wa ziada. Ikikosekana, GTX 1050 Ti ya GB 4. RX 6400 ina wati 53 tu, lakini inatumia njia nne tu za data za PCIe, na kwenye ubao wa zamani wa toleo la PCIe 3.0 hupungua kasi. GT 1030 ndiyo yenye mtego: jina moja, kadi mbili. Zinatofautiana aina ya kumbukumbu: ya GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 kama 17. Soma maandishi madogo ya boksi la kadi.

Kwa GB 4, cheza kwa ukubwa wa picha wa 1080p na uweke ubora wa tekscha, zile picha zinazovishwa vitu vya gemu, uwe wa kati. Ukipandisha, kumbukumbu hujaa na gemu hukwamakwama hata kama hesabu ya fremu, picha kwa sekunde, inapendeza.

Kadi iliyotumika ijaribiwe dukani. Programu ya GPU-Z huzitambua nyingi za zile feki, chipu kuukuu iliyobandikwa jina jipya. Kisha endesha FurMark, programu ya kuitesa kadi, dakika 15. Ukiona vidoa au mistari kwenye skrini, rudisha. Joto likipita digrii 85, feni imechoka au pasta ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka. Ya pasta hutengenezeka, hivyo shusha bei.

Ukishaifunga, waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, si kwenye tundu la zamani la ubao. Wengi hulalamika kadi mbovu kumbe wanaendelea kutumia grafiki ya prosesa.

Nipigie picha ile lebo kabla hujalipa.

Baba yako