Mwanangu, insha yako ianze na vita

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Nyangao. Sisi wazima. Mdogo wako anakohoa kidogo lakini chakula anakula. Ujumbe wako wa Jumapili nimeupata, na insha yako nimeisoma mara mbili. Ila ile kazi ya ghalani yenye mkataba wa mwaka mmoja, uliyonidokeza halafu ukanyamaza, sijaona neno juu yake. Nijibu hilo kwanza.

Insha umeiandika vizuri, baba. Kiswahili chako hakijaharibika, na nimemsomea shangazi yako aya ya kwanza kwa sauti. Lakini umesema Serikali ya Muda ya Urusi ya 1917 ilianguka kwa kuwa Lenin aliyeipindua alikuwa mjanja na Kerensky, waziri mkuu wake wa mwisho, dhaifu, ukafunga mlango. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia umevitaja ukurasa wa tatu, tena kwa sentensi moja. Wewe mtoto wa mwalimu wa historia! Vita ndiyo habari yenyewe. Anza navyo.

Mwishoni mwa Februari, kwa kalenda yao ya zamani iliyokuwa nyuma kwa siku 13, wanawake wa mji huohuo unaokaa, St. Petersburg, wakati ule ukiitwa Petrograd, walichoshwa na foleni za mkate wakaingia barabarani. Wafanyakazi wakawafuata, askari wakagoma kuwapiga risasi, na tarehe 2 Machi mfalme wao, Tsar Nicholas II, akaachia kiti akiwa ndani ya treni huko Pskov. Wabunge wa Duma, bunge la wakati ule, wakaunda serikali chini ya Georgy Lvov. Yataje na mema yao. Walifungua wafungwa wa siasa, wakafuta adhabu ya kifo, wakayaacha magazeti yaandike, na baadaye wakawapa wanawake kura. Wanafunzi wangu walikuwa wakidhani kila serikali inayopinduliwa ni ya watu waovu, nami nilikuwa nakawia sana hapo, kwa sababu hawa hawakuwa waovu.

Tatizo ni kwamba ndani ya jengo lilelile, Kasri la Tauride, kulikuwa na wenye nguvu wengine, Sovieti ya Petrograd, baraza la wafanyakazi na askari. Baraza hilo lilikwisha kutoa Amri Namba 1 hata kabla serikali haijaundwa: kila kikosi kichague kamati, silaha ziwe chini ya kamati, na amri za kijeshi za Duma zifuatwe pale tu zisipopingana na za Sovieti. Guchkov, waziri wa vita, aliandika siku chache baadaye kwamba serikali haina madaraka ya kweli, kwani askari, reli, posta na telegrafu viko mikononi mwa Sovieti. Waziri wa vita ndiye anayesema hivyo! Sasa serikali isiyo na askari itapiganaje vita? Swali hilo sijaliona kwenye insha yako.

Walipigana hivyohivyo. Walikuwa wanategemea mikopo ya Uingereza na Ufaransa, walikuwa wamefungwa na ahadi za Tsar, na wengi waliamini kwa dhati kwamba Ujerumani ikishinda, uhuru wao utakufa ungali mchanga. Mwezi wa Aprili Milyukov, waziri wa mambo ya nje, akawaandikia washirika kwamba Urusi itapigana mpaka ushindi. Barua ikajulikana, mji ukafurika waandamanaji, Milyukov na Guchkov wakaondoka madarakani. Waliobaki hawakujifunza. Kerensky akachukua wizara ya vita, akawa anazunguka mstari wa mbele kuwahutubia askari kikosi baada ya kikosi, mpaka akabandikwa jina la Mbembelezaji Mkuu. Tarehe 18 Juni jeshi likashambulia huko Galicia, jimbo la Austria. Siku za mwanzo lilisonga. Kisha vikosi vikaanza kuitisha mikutano ya kujadili kama viende au visiende, Wajerumani wakajibu mapigo Julai, na safu ikavunjika. Tarehe 12 mwezi huo adhabu ya kifo ikarudishwa kwa askari walioko vitani. Yaandike hayo mawili pamoja, mwalimu wako ayaone: walichokifuta Machi kwa fahari, walikirudisha Julai kwa ajili ya vita.

Unajua kwa nini nakuuliza tena juu ya kazi hiyo. Januari 2023 serikali yetu ilitangaza kifo cha kijana Mtanzania aliyekwenda huko kusoma, akafungwa, akaahidiwa msamaha akikubali kupigana, akafia Ukraine. Kenya nako kuna familia zinazolia, vijana wao waliahidiwa kazi za kawaida wakajikuta wanashikishwa bunduki. Usiniambie wewe una akili kuliko wao. Walikuwa na akili. Karatasi iliandikwa Kirusi, na mshahara ulikuwa mnono.

Ardhi nayo umeipitia haraka mno. Wakulima walitaka mashamba ya makabaila, tena wayapate mwaka uleule. Serikali ikasema subirini Bunge la Katiba. Uchaguzi wa bunge hilo ukapangwa tarehe 17 Septemba, ukaahirishwa hadi 12 Novemba. Kwa nini wasigawe tu? Fikiria askari alikuwa nani: mkulima aliyevalishwa sare. Akisikia kijijini kwao wanapima mashamba, atabaki handakini kufanya nini? Basi ardhi haikugawiwa kwa sababu ya vita, na vita havikupiganika kwa sababu ya ardhi. Wakulima wakajigawia wenyewe, na askari wengi wakatoroka kurudi makwao. Hapo ndipo serikali ilipofia, baba, kabla Lenin hajafanya ujanja wowote.

Fedha pia ziliharibika. Zile noti za rubli 20 na 40 zilizoitwa kerenki zilitoka kwa karatasi nzimanzima, hazina namba wala sahihi, mtu anazikata mwenyewe kwa mkasi. Makumbusho ya huko hayakosi kuwa nazo, zitafute uzione.

Agosti ni ya Jenerali Kornilov, mkuu wa majeshi, aliyeelekeza vikosi Petrograd. Wanahistoria wanabishana hadi leo ni nani alimzunguka nani kati yake na Kerensky. Usijitie kwenye ubishi huo kwa maneno 1,500. Andika kilichotokea: Kerensky, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu, alikosa wa kumtetea ila Sovieti, wafanyakazi wa reli wakazuia treni, wafanyakazi wa viwandani wakapewa bunduki, na bunduki zile hazikurudishwa.

Oktoba serikali ikataka kupeleka vikosi vya mjini vitani. Yaani hata wakati huo, bado vita! Vikosi vikaona heri kuitii Sovieti, iliyokwisha kuwa mikononi mwa Wabolsheviki, chama cha Lenin. Usiku wa tarehe 25, mji ukiwa na maelfu ya askari, Kasri la Majira ya Baridi lilibaki likilindwa na wanafunzi wa chuo cha kijeshi na wanawake wa kikosi cha kujitolea. Kerensky alikwisha kuondoka kwa gari asubuhi kutafuta msaada. Mawaziri walikamatwa usiku wa manane katika chumba kidogo cha kulia. Chumba hicho kipo katika makumbusho ya Hermitage, ambayo Kasri hilo ni sehemu yake, nenda ukasimame humo kabla hujaandika upya. Siku iliyofuata Lenin akatangaza mambo mawili, amani na ardhi, yaleyale ambayo serikali iliambiwa kwa miezi minane isitake kusikia.

Vita hivyo vilifika hata hapa kwetu. Mapigano ya Mahiwa yalikuwa Oktoba hiyohiyo ya 1917, kama wiki tatu kabla ya Kasri kutekwa. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza na ya Wajerumani hawakuulizwa kama wanataka. Wewe unaulizwa. Unawekewa kalamu mezani. Iache hapohapo mezani.

Kama ni fedha inayokusukuma, sema. Mnada wa korosho umeanza, chama cha msingi kinasema malipo yataingia baada ya wiki mbili, nami nitakutumia kabla sijalipa fundi. Upepo umeezua bati mbili za jikoni, lakini mvua haijakaza, tutahimili. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Viatu vyako ulivyoacha amevichukua yeye, vinamtosha ukiweka soksi mbili. Je, lile koti zito ulinunua, au bado unazunguka na jaketi la Kariakoo?

Daktari mstaafu wa karibu na misheni alisoma huko enzi za Umoja wa Kisovieti na Kirusi bado anakisoma. Nimeshaongea naye. Piga picha kurasa zote za huo mkataba, mbele na nyuma, hata zenye maandishi madogo ya chini, unitumie kabla ya Ijumaa, maana Jumamosi anasafiri kwenda Masasi. Na usiwaambie hao watu ndiyo wala hapana mpaka nikupigie.

Mama yako