Nunueni viatu jioni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaoshinda wamesimama kazini: walimu, wauguzi, walinzi. Mimi ni fundi viatu hapa Kirumba, Mwanza, na kila kiatu kinacholetwa kibandani kwangu kinanionyesha mahali mguu unapoumia.

Kiatu kilichopasuka ubavuni, karibu na kidole kidogo, mwenyewe ukimtazama ana sugu. Alinunua chembamba akaambiwa kitatanuka. Ngozi hutanuka kidogo. Plastiki inayong'aa kama ngozi haitanuki, inakatika. Nunueni viatu jioni, kwa kuwa miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mjaribu vyote viwili mkiwa mmesimama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha kikunjeni: kikipinda katikati ya unyayo badala ya pale vidole vinapoanzia, kirudisheni. Soli ya gundi tupu hubanduka upesi mvua zikianza. Iliyoshonwa pembeni naweza kuibadilisha, na ngozi ya juu ikaendelea kuvaliwa.

Wenye kisukari ndio wananiumiza roho. Mguu ukishaingia ganzi, msumari unaweza kutoboa soli na mtu asisikie. Nawasihi waingize mkono ndani ya kiatu kila asubuhi kabla ya kuvaa, na waachane na kandambili barabarani.

Wenye maduka nao waweke benchi, wateja wakae wajaribu. Duka linalokataa kiatu kujaribiwa, mteja apite.

Fundi viatu,
Kirumba, Mwanza