Shoga yangu, asali haichemshwi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu. Mimi huku mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe, na safari hii hofu yenyewe si ile ya desturi ya barua. Jana usiku nimesikiliza ujumbe wako wa sauti kuhusu mafua yako na kile kinywaji cha limau na asali kilichokushinda kutengeneza. Mwanzo nilidhani mtu kaokota simu yako. Sauti ilikuwa inakwaruza kama mlango uliokosa mafuta, halafu katikati ya maneno ikakatika kabisa, nikabaki nasikia pumzi tu. Nikaona nikikupigia nitakulazimisha kujibu. Bora nikuandikie, usome ukiwa umenyamaza.

Kwanza lile swali lako la mwisho, ulilolipitisha haraka kana kwamba ni dogo: umlambishe mdogo asali kwenye ncha ya kijiko, kwa kuwa naye kaanza kukohoa? Hapana. Hata hiyo ncha, hapana. Ana miezi 7, na asali hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria anayeitwa Clostridium botulinum. Matumbo yetu sisi wakubwa huzimudu, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga zinaweza kuamka, zikazaana na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anakosa choo, kilio kinafifia, kunyonya kunamshinda, na ikizidi hata kupumua ni taabu. Ugonjwa huo ni nadra, lakini mimi siwezi kuubahatisha kwa kichanga. Na usiseme utaichemsha kwanza, maana mbegu hizo zinastahimili maji yanayotokota. Yeye mnyonyeshe mara nyingi zaidi ya kawaida. Ukimwona anahema harakaharaka au anakataa ziwa, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari.

Kaka yake wa miaka 6 ndiye wa kumpa. Tena yeye hahitaji hata limau: kijiko kimoja cha chai cha asali tupu, nusu saa kabla ya kulala. Mwaka 2007 watafiti wa Pennsylvania, kule Marekani, walichapisha matokeo ya watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku, na wazazi wa waliopewa asali walisema watoto wao wamepata nafuu na wamelala vizuri kuliko wale ambao hawakupewa chochote. Kijiko kimoja ndicho kipimo walichotumia kwa umri wa mwanao. Apige mswaki mapema, au asukutue na maji baada ya asali, isije ikalala kwenye meno.

Sasa tuje kwenye hicho kinywaji kilichokushinda. Unasema ulikata malimau mawili kwa vipande vya mviringo, ukavitia kwenye chupa ya chai pamoja na asali, ukamimina maji yaliyotoka kuchemka, ukafunga kifuniko, ukalala. Asubuhi ukaonja, ukatema. Nimecheka peke yangu, maana kosa hilo nimelifanya mimi kabla yako, tena mimi nilitumia sufuria. Nilitia malimau na maganda yake, asali vijiko vinne, nikaacha vitokote nusu saa huku najisifu kwamba natoa "nguvu" yote. Nikapata maji ya rangi ya kahawia, machungu, yananata midomoni. Nikayanywa yote kwa ukaidi. Koo halikunishukuru.

Uchungu ule hautoki kwenye maji ya limau. Unatoka kwenye ile nyama nyeupe iliyo chini ya ganda, na kwenye kokwa. Humo mna kitu ambacho mwanzoni hakina uchungu wowote, ila kikikaa ndani ya maji yenye ukali wa limau hugeuka taratibu kuwa limonini, na limonini ni chungu kwelikweli. Ndiyo maana ukionja papo hapo unaona tamu, ukirudi baada ya saa kadhaa ni shubiri. Joto ndilo linaloharakisha mambo. Kwa hiyo wewe ulipoyafungia malimau ndani ya chupa ya chai usiku kucha, ulikuwa unapika uchungu ukiwa umelala.

Fanya hivi. Chemsha maji ya kikombe kimoja kikubwa, mililita 250 hivi, uyamimine kwenye kikombe, uyaache. Usitie kitu bado. Wakati yanapoa, shika limau ulibiringishe juu ya meza kwa kiganja, ukilikandamiza na uzito wa mkono, mpaka ulisikie limelegea ndani. Kama limetoka kwenye friji, liloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, vinginevyo utakamua mpaka mkono ukuchoke, na utapata matone tu. Likate katikati kwa upana, si kwa urefu. Kamua nusu yake juu ya kiganja cha mkono wa pili, vidole umeviachanisha kidogo: maji yapite, kokwa zibaki mkononi. (Una kidonda kidoleni? Utakijua wakati huo.) Au tumia chujio la chai, mimi huwa sina subira ya kuosha chombo kingine. Nusu limau hutoa kama kijiko kimoja na nusu cha chakula, na hicho kinatosha. Usilikamue mpaka ganda lisage, maana hapo unarudi kule kule kwenye uchungu.

Maji yakikaa kama dakika 10, kishike kikombe kwa viganja vyote viwili. Ukiweza kukishika hivyo bila kukiachia, na ukameza funda bila kuvuta hewa kwa kuungua, basi yamefika. Mimina maji ya limau. Halafu asali, vijiko viwili vya chai. Kichovye kijiko kwenye yale maji ya moto kabla hujachota, asali itateleza yote badala ya kung'ang'ania kijiko. Koroga, na unywe papo hapo, funda dogodogo, kila funda ulikalishe kidogo nyuma ya ulimi kabla ya kumeza.

Utauliza kwa nini asali iwe ya mwisho. Si kwamba asali ikichemka inageuka sumu, hayo ni maneno ya watu. Ila harufu yake nzuri inapaa na mvuke, na vimeng'enya vyake huharibika kwenye joto kali, ukabaki na utamu mtupu; kwa huo si ungetia sukari? Na sababu nyingine ni koo lenyewe. Limevimba, limekuwa jekundu, halafu wewe unalimwagia maji ya kuchemka ukidhani unaua vijidudu. Unaliunguza tu. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilisema vinywaji vya moto zaidi ya nyuzi 65 huenda vinachangia saratani ya umio. Kikombe kimoja hakitakudhuru kiasi hicho, lakini mbona hata raha haina?

Uliniambia pia asali yako imeganda chini, ina punje kama sukari, na unadhani umeuziwa bandia. Kuganda si dalili ya ubandia. Asali ina sukari za aina mbili hasa, fruktosi na glukosi, na hiyo glukosi ndiyo hujitenga ikafanya punje, zaidi kwenye baridi. Simamisha chupa ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi, utaona inalainika polepole. Na zile mbinu za kuipima kwa kiberiti au kuidondosha kwenye glasi ya maji, usipoteze njiti zako, hazithibitishi kitu.

Tangawizi ukipenda, vipande viwili vyembamba, uviloweke kwenye maji mwanzo kabisa yakiwa bado ya moto. Mimi siku koo linapouma sana huiacha, inaniwasha juu ya kuwashwa.

Usitarajie kitatibu, lakini. Mafua ni virusi, yana siku zake 7 mpaka 10, na limau haliyafukuzi. Najua utanitajia vitamini C. Ni kweli limau lina sifa kubwa: mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimau, wakapata nafuu haraka kuliko wenzao waliopewa dawa nyingine. Lakini wale walikuwa na kiseyeye. Walipungukiwa na kitu ambacho limau linacho. Wewe hujapungukiwa, umeambukizwa. Kinachokusaidia kwenye kikombe hiki ni vitu vya kawaida kabisa: asali inatandaza utando kwenye koo lililochubuka, ukali wa limau unakuletea mate, joto linakupa faraja, na mwili unapata maji. Vikombe viwili au vitatu kwa siku vinatosha. Baada ya kila kimoja sukutua na maji matupu, na mswaki ungoje nusu saa, kwa sababu ukali wa limau hulainisha gamba la meno. Ukiona kiungulia, punguza limau, usipunguze maji. Na mama yako mwenye kisukari akitaka naye, mkumbushe kwamba asali nayo ni sukari, mpe limau na maji ya uvuguvugu tu.

Zile antibayotiki zilizobaki kwenye droo, ulizozitaja kwa sauti ya kujitetea, ziache. Haziwezi virusi. Ila homa ikipanda ikakataa kushuka, ukishindwa hata kumeza mate, ukibanwa pumzi, ukiona damu kwenye makohozi, au kikohozi kikivuka wiki tatu, achana na mimi na malimau yangu, nenda ukapimwe.

Leo jioni tengeneza kikombe kimoja tu, si chupa nzima, halafu niandikie kimetokaje. Kuhusu kupiga simu, ngoja sauti irudi. Nitajua imerudi, maana siku hiyo hutanipa nafasi ya kusema neno.

Mbusie kaka mtu. Mdogo mbusie ukishapona, usije ukamwongezea mafua.

Ni mimi shoga yako wa siku zote.