Fataki za Diwali zitengewe uwanja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu usiku wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, hapa Dar es Salaam. Kila Oktoba au Novemba, mwezi ukiwa gizani, nyumba za Kisutu na Upanga huwashwa vitaa vya udongo, kila kimoja na utambi wake wa pamba uliolowa samli. Vizingiti hupambwa kwa unga wa rangi, na majirani wasio Wahindu nao hupelekewa sahani za vitamu vya ladu na barfi. Wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua vitabu vipya vya hesabu na kumwomba Lakshmi, mungu wao wa kike wa utajiri, aibariki biashara. (Mdeni wao asidhani vile vya zamani vimechomwa moto.)

Kinachonisukuma kuandika ni fataki. Watu hulalamika kana kwamba zimeletwa na Wahindu peke yao, ilhali mkesha wa Mwaka Mpya tunazilipua sote. Hata hivyo, Upanga ndiko iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mgonjwa anahitaji usingizi.

Naishauri Halmashauri ya Jiji itenge uwanja mmoja, tuseme Mnazi Mmoja, kwa saa mbili za jioni, zimamoto wakiwapo. Alfajiri magari ya taka yawahi, maana huo ni msimu wa vuli na makaratasi ya baruti huishia mitaroni. Wauza kahawa na kashata wakaribishwe. Wa mishikaki wasogee mbali kidogo. Wengi wa wenye sherehe hawali nyama.

Mkazi wa Upanga,
Dar es Salaam