Uzi wa bluu: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mistari yake naiona. Nimetanguliza hilo ili usisome huku roho iko juu. Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, anasema goti limetulia. Wadogo zako wazima, isipokuwa yule wa mwisho ambaye ugonjwa wake ni uvivu, na huo umeujua siku nyingi.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Unanijua, nikishika kipaza sauti mchungaji huanza kutazama saa. Nilimshukuru Mungu kwa jicho langu la kulia. Nikamshukuru daktari, nikamshukuru nesi aliyenishika mkono, baba yako, akina mama wa kwaya, hata yule kijana aliyetupakia kwenye gari lake akakataa nauli. Vigelegele vikapigwa. Nikarudi kukaa nikijiona nimemaliza deni lote. Shangazi yako akaniinamia sikioni: "Na yule aliyekwambia uende kwa daktari, je?"

Sikuwa na jibu. Mahubiri ya siku ile usiniulize, sikuyasikia.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ningekimbilia kukuuliza kama unalala vizuri, na maneno yenyewe yangebaki kooni. Kwa hiyo kaa, soma polepole.

Unakumbuka gauni la bluu nililokutumia? Ulipolipokea ulipiga simu, ukashukuru, kisha ukauliza kwa upole wako ule: "Mama, uzi wa bluu uliisha?" Nikakujibu, "Uliisha vipi, na huo si bluu?" Ukanyamaza kidogo. Halafu ukaanza maswali: usiku taa za magari nazionaje, mchana jua linaniumiza, uzi natunga mwenyewe au natungiwa? Taa zilikuwa zinatawanyika kweli, kila moja na duara lake kama mwezi wenye wingu. Na uzi nilikuwa natungiwa na binti ninayemfundisha kazi. Nikakudanganya kwamba natunga mwenyewe. Uliposema, "Mama, nenda ukaangaliwe macho," nikakuambia nilikuwa nashona kabla hujazaliwa, nikakata simu. Siku tisa sikupokea simu zako. Baba yako alipokuambia nimezidiwa na kazi, alikuwa anasema nilichomtuma.

Kazi yenyewe ilikuwa inapungua, mama. Hilo sikukuambia. Mteja mmoja alinirudishia suruali mbele za watu, mguu mmoja umepita mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Nikamtolea sababu ya kitambaa kuvuta maji. Usiku nikalala macho wazi nikijiuliza: fundi asiyeona chaki yake mwenyewe kwenye kitambaa, huyo ni fundi wa nini? Ndiyo maana nilikuwa mkali. Ulikuwa umetaja kwa sauti jambo nililokuwa nalificha hata kwenye sala. Nilikuwa namwomba Mungu wateja. Jicho sikulitaja.

Siku ya kumi baba yako alivaa viatu, akaniambia, "Twende." Hakuongeza neno.

Daktari aliniangalia kwa taa yake akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Akanieleza kwamba ndani ya jicho kuna lenzi, nayo kwa umri inaingia ukungu na kugeuka manjano. Haiumi, inakuja taratibu, mtu hajui alichokipoteza. Miwani haiiondoi, dawa ya matone haiiondoi. Ni kuitoa na kuweka lenzi ya bandia. Akasema duniani kote hakuna ugonjwa unaopofusha watu wengi kuliko huu. Nilicheka peke yangu. Watoto niliowazaa nawajua kwa majina, huyu wa jicho alikuja bila kubisha hodi.

Kisu kwenye jicho kilinitisha, sikufichi. Nesi mmoja alipoona natetemeka akakaa pembeni yangu akanipigia hadithi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, marubani wa Uingereza walikuwa wakipigwa risasi angani, na vipande vya vioo vya plastiki vya ndege zao vinawaingia machoni. Daktari mmoja aliyewatibu, Harold Ridley, akagundua kwamba vipande vile vinakaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Baadaye mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitazama upasuaji akamuuliza: ukishaitoa lenzi mbovu, mbona huweki nyingine? Swali la mtoto, kama yako. Novemba 1949, huko London, Ridley akaweka lenzi ya bandia ya kwanza, ya plastiki ya namna ileile. Madaktari wenzake wengi walimpinga kwa miaka.

Nimeifikiria sana hadithi hiyo nikiwa kwenye cherehani. Kuna kijana aliumia jicho kabla mimi sijazaliwa, na maumivu yake yamenifikia mimi kama msaada. Shukrani zake nimpelekee wapi? Nimemwachia Mungu azifikishe.

Upasuaji wenyewe haukufika hata nusu saa. Ganzi, taa kali, sauti za watu wanaoongea mambo yao, basi. Jioni nilikuwa nyumbani. Asubuhi yake walipofungua kitambaa nilitazama dirishani, na mwanangu, mbingu ilikuwa bluu. Nasema bluu! Nilikuwa nimeishi miaka chini ya anga la rangi ya chai nikidhani ndivyo dunia inavyozeeka. Nikamtazama baba yako, nikaona mvi ambazo sikuwa na habari nazo. Akauliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Umezeeka." Alifurahi kama aliyepewa zawadi.

Kisha ikaja aibu. Wiki ya pili akina mama wa kwaya walikuja kunisalimu wakiwa wametoka mazoezini, wamevaa vile vizibao vyeupe nilivyowashonea. Nikaona mishono. Uzi ni wa manjano! Vizibao vyote, kuanzia shingo hadi pindo, mishono inapiga kelele. Wamevivaa miezi yote hiyo, mbele ya madhabahu, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Nilipowauliza, mwalimu wa kwaya akasema walidhani ni mtindo mpya. Mwongo mkubwa yule, Mungu ambariki.

Nimelipima jambo hilo mara nyingi. Wao walinistahi kwa kunyamaza, wewe ulinistahi kwa kusema. Wao niliwapenda papo hapo. Wewe nilikukatia simu.

Kuhusu matone ya dawa: wiki nne, mara nne kwa siku. Baba yako mkono unatetemeka, tone likawa linaangukia shavuni. Akina mama wakapanga zamu bila kunishirikisha. Siku ya tatu nikasikia hodi, nikatambua sauti. Ni jirani yetu yule wa upande wa chini ambaye tangu ule ugomvi wa maji ya mvua tulikuwa tunapeana migongo. Alisema tu, "Zamu yangu," akanawa mikono, akanishika kidevu. Huwezi kumnunia mtu anayekushika kidevu. Sasa mfereji tumeuchimba pamoja, na maji yanapita anapotaka yeye, sawa, yapite.

Jioni baba yako alinisomea Biblia kwa sababu mimi nilikatazwa kukaza macho. Anasoma vibaya. Majina ya ukoo anayaruka yote, anasema "na wengineo." Lakini ile ya wakoma kumi kwenye Luka, walioponywa wote na akarudi mmoja tu kushukuru, aliisoma vizuri, na siku hiyo nikamsimamisha. Maisha yangu yote nimesikia wale tisa wakisemwa kama watu wakaidi. Wakati Yesu mwenyewe ndiye aliyewaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani! Walikuwa njiani wakitii. Hawakuwa wabaya, walikuwa na haraka ya kurudi kwa watu wao. Na hakuna palipoandikwa kwamba ukoma uliwarudia. Nadhani ndiyo maana kusahau ni rahisi: hukosi kitu.

Nami nimekuwa na haraka, mwanangu. Nguo zimerudi mezani, wateja wamerudi, hata yule wa suruali amerudi akijifanya hakumbuki. Yule binti nimempa vizibao vyote avifumue, tunavishona upya kwa uzi mweupe bila malipo. Jicho la kushoto tutalifanya baada ya miezi michache. Katika pilikapilika hizo zote nilimshukuru kila mtu aliyekuwa karibu, nikakuruka wewe uliye mbali, ambaye ndiwe uliyeanza.

Nisamehe kwa zile siku tisa. Na asante. Asante kwa swali lako, na kwa kuuliza taratibu, na kwa kutochoka kupiga nilipokuwa siipokei. Baba yako aliniambia baadaye kwamba ulikuwa ukimpigia yeye usiku, na safari ile ya "Twende" mliipanga nyinyi wawili. Nikawakasirikia nusu siku, halafu nikacheka.

Lile gauni, ukija likizo uje nalo. Nilifumue uzi ule mweusi, nikushonee kwa bluu inayofanana na kitambaa, maana sasa naweza kuichagua mwenyewe. Shangazi yako anasema ulilivaa kwenye harusi ya rafiki yako hivyohivyo na pindo lake jeusi. Ni kweli?

Mama yako