Mguu bandia unauma jioni? Tuanze na soketi kabla ya unyayo

Askari mstaafu aliyekatwa chini ya goti akianza kupata maumivu, mara nyingi huja kuomba unyayo mpya. Sisi mafundi wa viungo bandia hukagua kwanza soketi, yaani sehemu inayopokea kigutu (mguu uliobaki baada ya kukatwa), maana maumivu mengi huanzia humo.

Kigutu hakikai saizi moja. Hupungua sana katika miezi 12 hadi 18 ya mwanzo, na hata baadaye hunywea kadiri siku inavyosonga. Asubuhi soketi inakaa vizuri. Kufika alasiri mguu umezama ndani. Uzito uliopaswa kubebwa na kano iliyo chini ya pia ya goti huhamia kwenye pia yenyewe na kwenye ncha ya mfupa wa muundi.

Dawa ya kwanza ni soksi za kigutu, za tabaka 1, 3 au 5. Tembea na za akiba. Mguu ukipwaya, ongeza tabaka 1, tembea dakika chache, usikilizie. Usirukie 5: ukizidisha, kigutu hakifiki chini, ncha yake inaning'inia, nayo huvimba na kubadilika rangi. Nyoosha mikunjo yote. Ukishahitaji tabaka 10 hadi 15, umbo limebadilika. Hapo ni soketi mpya tu.

Ukivua, tazama ngozi kwa kioo. Wekundu usiotoweka baada ya dakika 20, au lengelenge, ni sababu ya kuacha kuvaa na kuja. Aliyejeruhiwa na bomu la ardhini awe makini zaidi: ngozi iliyopandikizwa haihimili msuguano, vipande vya chuma huweza kubaki, na mfupa huweza kuota ndani ya nyama. Ukiona uvimbe mgumu unaokua, muone daktari upigwe eksirei kabla hatujachukua kipimo cha plasta.

Wenye laina ya silikoni, yaani ala laini inayovalishwa kigutu ndani ya soketi, kwenye joto la Pwani: ivueni adhuhuri, mfute jasho, mkauke kabisa ndipo mvae tena.

Fani hii imeendelezwa sana na wavaaji wenyewe. James Hanger, askari wa majimbo ya Kusini ya Marekani, alikatwa mguu mwaka 1861 akiwa na miaka 18, akajitengenezea wake kwa mbao za pipa. Ndiyo maana tunawaomba daftari la wiki moja: saa, idadi ya tabaka, panapouma, na ulikuwa ukifanya nini, kupanda ngazi au kuchuchumaa. Kwa maandishi hayo tunaongeza plasta kwenye kalibu, yaani mfano wa kigutu tunaoundia soketi, pale panapouma, ili soketi ipate nafasi, na kukwangua pale panapopaswa kubeba uzito.

Njoo pia na viatu vyako vya kila siku. Unyayo uliopangwa kwa kisigino cha buti, ukiuvalisha kandambili, husukuma goti nyuma kila hatua.