Kila mji na kazi yake: ushauri kwa wanaokwenda China kufuata mzigo

Mhariri,

Kila minada ya korosho inapokaribia, wafanyabiashara wetu wa Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi hurudia hesabu ile ile: fedha ikishafika mikononi mwa wakulima, duka lazima liwe na mzigo mpya, na mzigo uko China. Ukimuuliza mtu anakwenda mji gani, atakujibu Guangzhou. Awe anatafuta marumaru, vioo vya simu, makochi au magauni, yote kwake ni Guangzhou. Naomba nafasi niwaeleze wasomaji wako kwa nini jibu hilo linawatoa fedha mifukoni bure.

Kwanza tuelewe ukubwa wa eneo lenyewe. Mkoa wa Lindi una zaidi ya kilomita za mraba 66,000, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu wapatao milioni 1.19. Ukanda wa mdomo wa Mto wa Lulu, yaani miji tisa ya jimbo la Guangdong pamoja na Hong Kong na Macau, una kilomita za mraba kama 56,000 tu. Ni mdogo kuliko Lindi, lakini una watu zaidi ya milioni 86. Guangzhou peke yake ilikuwa na watu milioni 18.7 katika sensa yao ya 2020, na Shenzhen milioni 17.6. Kutoka mmoja hadi mwingine ni mwendo unaokaribiana na wa Mtwara mjini hadi Newala, ila treni ya mwendokasi huumaliza kwa nusu saa na ushei. Kwa hiyo umbali usimtishe mtu. Kinachomuumiza ni kununua kitu katika mji usio wake.

Guangzhou ni mji wa kulala na mji wa nguo. Mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli imezoea wageni kutoka Afrika, na migahawa ya halali ipo hatua chache kutoka nyumba za wageni. Si mbali na stesheni kuu ya zamani upo msikiti uliojengwa penye kaburi ambalo kwa mapokeo ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume Muhammad. Ijumaa pale hujaa Waafrika, Waarabu na Wachina wenyewe, na anayetaka kujua wakala yupi wa mizigo ni mwaminifu aulize pale baada ya swala, asitegemee kadi anazogawiwa barabarani. Magauni na mashati ya jumla yako Baima, jirani na stesheni. Vitambaa vya majora viko Zhongda, upande wa kusini wa mto. Mikoba ya ngozi iko Guihuagang. Shisanhang huuza nguo alfajiri na mchana hufunga, kwa hiyo anayefika saa nane hukuta watu wanafagia.

Kosa la kawaida ni kununua Xiaobei kwenyewe kwa sababu muuzaji anajua Kiingereza au maneno mawili ya Kiswahili. Maduka mengi pale ni ya wachuuzi wa pili, na bei yao imeshambeba dalali. Laleni Xiaobei, nunueni kwingine.

Marumaru na samani ni Foshan. Mji huu umeshikana na Guangzhou kiasi kwamba tangu 2010 treni ya chini ya ardhi inaunganisha miji hiyo miwili, na nauli yake ni ndogo. Makochi na vitanda viko Lecong, marumaru ziko upande wa Nanzhuang. Hapa naomba msomaji achukue kalamu. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 huwa na vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44, na uzito wake ni kama kilo 30. Kontena la futi 20 likipakiwa tani 27 hubeba maboksi kama 900, yaani mita za mraba karibu 1,300. Ukilifungua utaona nafasi tupu juu ya mzigo, na wapo wanaodhani wameibiwa. Hawakuibiwa: kontena la marumaru hujaa kwa uzito kabla ya kujaa kwa nafasi. Makochi ni kinyume chake, hujaza nafasi kabla ya uzito, na hulipiwa kwa mita za ujazo. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 ni mita za ujazo 0.12, kwa hiyo kumi ni 1.2. Piga hesabu hiyo mwenyewe ukiwa dukani, usingoje ya wakala.

Jambo jingine la marumaru: ubavuni mwa boksi pamechapwa namba ya rangi na namba ya kipimo. Maboksi yenye picha ile ile lakini namba tofauti yametoka katika uchomaji tofauti. Yakishalazwa sebuleni, mstari wa rangi utaonekana wazi na mteja atadai fedha yake. Andikisha namba hizo kwenye oda, ongeza asilimia tano hadi kumi ya kufidia zitakazovunjika, na usimalize malipo kabla ya kukagua. Utaratibu uliozoeleka ni kulipa asilimia 30 kwanza na 70 mzigo ukiwa tayari. Hizo 70 ndizo silaha yako pekee.

Simu, vioo, chaja na spika ni Shenzhen, mtaa wa Huaqiangbei. Mwaka 1980 serikali ya China ilipoifanya Shenzhen eneo maalumu la uchumi, ulikuwa mji mdogo wa mpakani. Leo ghorofa moja ya Huaqiangbei ina vibanda vingi kuliko soko zima la kwetu, na kioo cha simu ile ile huuzwa kwa madaraja kadhaa: halisi, kilichobadilishwa kioo cha juu tu, na nakala. Bei inayokushangaza kwa unafuu ni ya nakala. Nenda na simu nzima ya aina hiyo, kiunganishwe mbele yako, ukiguse pembe zote nne na uangalie mwanga wake ukiwa umepunguzwa kabisa. Betri zisizo ndani ya simu haziruhusiwi kwenye sanduku la kupakiwa chini ya ndege. Anayezificha hupoteza betri, na pengine safari pia. Malazi ya Shenzhen ni ghali kuliko Guangzhou, kwa hiyo nenda asubuhi urudi jioni.

Sasa Hong Kong, ambako watu wengi huumia. Kwa kutembea ni mji mtamu: Kiingereza ni lugha rasmi, magari hupita kushoto kama kwetu, plagi ni zile zile za pini tatu za bapa tunazotumia Mtwara, na WhatsApp, ambayo China bara imefungwa, huko inafanya kazi. Mtanzania huingia kwa ziara fupi bila kuomba viza kabla. Urahisi huo ndio mtego. Hong Kong ina uhamiaji wake, na ukivuka kutoka Shenzhen, China inahesabu kwamba umetoka nchini. Kama viza yako ni ya kuingia mara moja imekwisha hapo hapo, hata kama ulikuwa umebakiwa na siku 25 za kukaa. Utapewa kikaratasi kidogo upande wa Hong Kong, na jioni ukitaka kurudi hotelini Guangzhou kwenye mizigo yako, utazuiwa. Soma stika ya viza kabla ya kuondoka Dar es Salaam. Ina mambo matatu tofauti: tarehe ya mwisho ya kuingia, idadi ya kuingia, na siku za kukaa kila unapoingia. Wanaochanganya la kwanza na la tatu hupitiliza muda, na faini yake ni yuani 500 kwa siku, hadi yuani 10,000. Anayetaka kuiona Hong Kong aombe viza ya kuingia mara mbili, au aiweke mwisho wa safari na apandie ndege huko huko. Asitegemee kununua wala kukaa muda mrefu, maana vyumba ni vidogo na bei zake zinatisha.

Kwa mwanafunzi au anayehamia kwa kazi, ningependekeza Guangzhou bila kusita: kodi nafuu kuliko Shenzhen, jumuiya ya Waafrika ipo, na joto lake la unyevunyevu tunalijua. Ajiandae kulipa amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja kwa mkupuo, na asipolala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Kalenda pia inawaponza wengi. Fedha ya korosho huanza kuonekana Oktoba na Novemba, na wengi huamua kusafiri Januari. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2027 ni Februari 6. Wiki kadhaa kabla na baada ya sikukuu wafanyakazi wameshaondoka kwenda vijijini, viwanda vimefungwa, na oda hulala. Baharini mzigo huchukua wiki nne hadi sita, bado siku za kutoa bandarini. Anayetaka duka lijae mwezi Novemba anapaswa kuwa Guangzhou Agosti, kabla ya mapumziko ya kitaifa ya Oktoba 1 hadi 7 na kabla ya maonesho makubwa ya biashara ya Canton yanayoanza Oktoba 15, wakati hoteli hupandisha bei. Na cheti cha ubora cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kishughulikiwe mzigo ukiwa bado China.

Kuhusu malipo, siku hizi kadi ya Visa au Mastercard inaunganishwa na Alipay au WeChat, programu za simu ambazo Wachina hulipia karibu kila kitu. Malipo yanayozidi yuani 200 hukatwa asilimia tatu, na vibanda vidogo vyenye alama ya malipo ya mtu binafsi huikataa kadi ya kigeni, basi pesa taslimu isikosekane. WeChat isajiliwe mtu akiwa bado Mtwara, kwa kuwa mara nyingi huomba mtumiaji wa zamani akuthibitishe.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Guangzhou ina stesheni zaidi ya moja, na dereva wa teksi hasomi herufi zetu. Ya kusini, ya treni za mwendokasi, huandikwa 广州南站. Ya mashariki ni 广州东站. Tofauti ni alama ya tatu tu, na mtu akikosea hapo treni humwacha, kwa kuwa stesheni ya kusini iko nje kabisa ya katikati ya mji. Tafadhali zichapeni kwa ukubwa wa kusomeka, msomaji azikate na kuziweka ndani ya pasipoti.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara